Kaiji Katika Nchi ya Miwa

Hadithi ya Kaiji inaanza na saini. Kijana wa Tokyo, hana kazi ya maana, amezoea pombe ya bei rahisi na kung'oa nembo za magari ya kifahari kwa sababu ya hasira tu, anagongewa mlango na mtu wa madeni. Miezi 14 iliyopita alimdhamini mfanyakazi mwenzake aliyekuwa akikopa yen 300,000. Mwenzake ametoroka. Riba ilikuwa asilimia 20 kwa mwezi, riba juu ya riba. Toa simu yako ufanye hesabu mwenyewe: inafika karibu yen milioni 3.85. Mchora katuni hakudanganya hata senti.

Nimewasimulia watu wengi mwanzo huu. Wasee wa Nairobi huniambia niruke hapo, wanataka kufika kwenye meli, kwenye karata, kwenye jasho. Lakini nikisimulia kwetu Mayoni, swali la kwanza huwa lile lile: sasa alimdhamini kwa nini? Kila mtu hapa ana chama, na kila chama kina fomu yenye mstari wa mdhamini. Wanajua mtu anaweza kuuziwa ng'ombe kwa sababu ya shemeji aliyehamia Kitale bila kuaga. Kwa hiyo hawaisomi Kaiji kama hadithi ya kamari. Wanaisoma kama hadithi ya deni, na nadhani wao ndio walioielewa.

Kwa wasiopajua, Mayoni ni soko kando ya barabara ya kutoka Mumias kwenda Bungoma, upande wa Matungu, kaunti ya Kakamega. Maduka pande mbili, stage ya boda, na nyuma ya kila kitu miwa. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imenishinda, nikarudi kukaa nyumbani kwa muda. Ndipo niliposoma Kaiji kwenye simu, usiku, bando zikiwa za bei nafuu. Anime yake, ile ya 2007 iliyotengenezwa na Madhouse, nilikuwa nimewekewa kwa flash pale duka la movie, na sikuwa peke yangu. Vijana waliokuwa hawana habari na Naruto walikuwa wanaijua Kaiji kipande kwa kipande.

Kwa nini hii? Ili nijibu inabidi nirudi Japani kidogo.

Japani ina sheria ya jinai ya mwaka 1907 inayokataza kamari, na bado ni nchi inayocheza kamari vibaya sana. Mbio za farasi zinaruhusiwa kwa sababu ni za umma. Pachinko, zile mashine za vigololi vya chuma, inaruhusiwa kwa ujanja: ukishinda hupewi pesa, unapewa zawadi, halafu unatoka nje unazunguka kona na kuiuza zawadi hiyo kwenye kidirisha. Kila mtu anajua, na kila mtu anaangalia pembeni. Halafu kuna mahjong, mchezo wa vigae, ambao ulikuwa na magazeti yake mazima ya katuni. Huko ndiko Nobuyuki Fukumoto alikojengea jina. Akagi, aliyoianza mwaka 1991, ina mechi moja dhidi ya mzee tajiri aitwaye Washizu. Mechi yenyewe ni ya usiku mmoja. Kuichapisha kulichukua takriban miaka 20. Kuna watu walianza kuisoma wakiwa shule na wakaimaliza wakiwa na watoto shule.

Lakini Akagi ni fundi, karibu jini. Hana deni wala hofu. Kaiji, iliyoanza Februari 1996 katika jarida la Young Magazine, ni kitu kingine kabisa, na mwaka ndio wenye siri. Mwisho wa Desemba 1989 soko la hisa la Tokyo lilikuwa limepanda kupita kiasi, faharasa yake ya Nikkei ikikaribia 39,000. Mwaka uliofuata likaanza kuporomoka, na bei za ardhi zikafuata. Kampuni zilizokuwa zikiajiri vijana moja kwa moja kutoka chuo mpaka uzeeni zikafunga milango. Kizazi kizima kikabaki kwenye vibarua: duka la usiku leo, mjengo kesho. Na pale mshahara ulipokosekana, kampuni za mikopo midogo zikajaa kila kituo cha treni. Ndipo Fukumoto akamchora kijana asiye na kazi anayedaiwa deni la mtu mwingine. Mwaka 1998 akapewa tuzo ya manga ya Kodansha. Wajapani walikuwa wamejitambua.

Sasa angalia anachofanya na deni lile. Yule mdai anamwambia Kaiji kuna meli, inaitwa Espoir, yaani tumaini kwa Kifaransa. Ukipanda unaweza kufuta deni lote usiku mmoja. Ndani ya meli kuna mchezo wa watoto, jiwe-karatasi-mkasi, ila unachezwa kwa kadi: nne nne za kila aina, jumla 12, na nyota tatu kifuani. Ukibaki na nyota pungufu baada ya saa nne, umeenda na maji. Na kabla hujaanza, lazima ukope mtaji kwa wenye meli, kuanzia yen milioni moja hadi milioni 10, riba asilimia 1.5 kila dakika kumi. Kwa saa nne inapita asilimia 40. Yaani umekuja kulipa deni, na mlangoni unapewa deni lingine.

Mtu wa kwanza anayemkaribia Kaiji ni mpole. Anaitwa Funai, amewahi kupanda meli hii. Anampa wazo safi: tucheze sare kadi zote, mimi jiwe wewe jiwe, tumalize zetu tukiwa salama. Wanaanza vizuri. Kisha mwishoni Funai anabadilisha kadi, na nyota mbili zinaondoka. Hapo ndipo Fukumoto anapoonyesha kipaji chake cha ajabu, kwa sababu kitendo cha sekunde tatu kinachukua kurasa na kurasa. Jasho linachorwa kama mvua. Pua zimechongoka kama panga. Hewani imeandikwa sauti moja inayojirudia, zawa, zawa, ile minong'ono ya moyo ukiwa na wasiwasi. Kwa sikio la Kiswahili inasikika kama zawadi iliyokatwa katikati.

Filamu za kamari tulizolelewa nazo zilikuwa za watu wa suti. Mtu ana bunduki kwapani, anaweka milioni mezani, akishindwa anaagiza kinywaji kingine. Hata Kakegurui, ambayo wadogo zetu wameipenda kupitia Netflix, ni shule ya watoto wa matajiri wanaocheza kamari kwa sababu wamechoka na raha. Inapendeza macho, sikatai. Ila hakuna mtu mle ndani anayewaza nauli. Kaiji anawaza nauli.

Na hapa narudi kwetu, kwa sababu Mayoni pia ina mwaka wake wa 1989, ila wa kwetu ulienda polepole.

Kampuni ya sukari ya Mumias iliundwa 1971 na kuanza kusaga miwa 1973. Kwa muda wa vizazi viwili hivi, maisha ya upande huu yalipimwa kwa miwa. Karo ni miwa. Bati ni miwa. Mahari, matanga, pikipiki ya kwanza, miwa. Mwaka 2001 kampuni ikaingia Soko la Hisa la Nairobi na ikawa fahari ya Magharibi. Lakini miwa ina tabia moja ambayo mtu wa mji huenda haijui: inachukua mwaka mmoja na nusu, wakati mwingine karibu miwili, kabla ya kukatwa. Mara nyingi mkulima wa kandarasi halipii mwenyewe kulima, mbegu, mbolea, kukata wala kusafirisha. Vyote hivyo anakopeshwa, halafu vinakatwa siku ya malipo. Na siku hiyo ikifika, kuna karatasi inayotoka na hesabu. Ikiwa makato yamezidi thamani ya miwa, pembeni kunaandikwa herufi mbili: DR. Maana yake umelima miezi 18 na wewe ndiye unayedaiwa.

Nimekua nikiwasikia wazee wakilitamka kama jina la ugonjwa. "Mzee fulani amepata DR." Watu wananyamaza kidogo, kisha wanaongea mambo ya mvua.

Sehemu ya pili ya Kaiji, ikiwa hujaisoma, inafanyika chini ya ardhi. Waliokopa wakashindwa wanachimba ngome ya bwana mkubwa, mwenye kampuni ya Teiai, na wanalipwa kwa pesa isiyotumika popote pengine, perika, ambayo thamani yake ni sehemu moja ya kumi ya yen. Mshahara unakatwa chakula, unakatwa malazi. Bia na nyama ya mishikaki zinauzwa pale pale na kiongozi wa kikundi, Ohtsuki, kwa bei ya wizi. Wengi wanakula mshahara wote kabla mwezi haujaisha, kisha wanakopa wa mwezi ujao. Nilipomwonyesha jirani yetu mmoja, mzee wa miaka sitini na kitu ambaye hajawahi kushika kitabu cha katuni, alitazama simu yangu kwa muda mrefu. Akasema, "Huyu aliyeandika amewahi kulima."

Mwaka 2007 M-Pesa ikaja. Mwishoni mwa 2012 ikaja M-Shwari, mkopo ndani ya simu bila kuonana na mtu. 2014 SportPesa ikaanza, na Januari 2019 Fuliza ikatuwezesha kutumia pesa ambazo hazipo. Upande wa pili wa mizani, miwa ilikuwa inaenda chini: malipo yanachelewa, mashamba yanageuzwa kuwa ya mahindi, kiwanda kinanyamaza wiki, kisha miezi. Mwaka 2017 uchunguzi wa GeoPoll ulikuta asilimia 76 ya vijana waliohojiwa Kenya wamewahi kubeti, kiwango cha juu kuliko nchi nyingine zilizochunguzwa barani. Mei ya mwaka huo huo Samuel Abisai, jina ambalo Magharibi halisikiki kama la mgeni, akapata mechi zote 17 za jakpoti na shilingi milioni 221. Usiniambie habari hiyo ilifika Mayoni kama habari ya michezo. Ilifika kama meli imetia nanga.

Kisha ukaja 2019, mwaka ambao ningeuchora kama ningejua kuchora. Julai serikali ikakataa kuongeza muda wa leseni za kampuni 27 za kubeti, SportPesa ikiwemo. Septemba, benki ya KCB ikaiweka Mumias chini ya mrasimu, yaani mdai ndiye akawa ameshika funguo. Ndani ya kama wiki kumi, kiwanda kilichotulea na mkeka uliokuwa umekuja kushika nafasi yake vyote vilitikisika. Kiwanda hakikurudi kuwa kile cha zamani. Kubeti kulirudi haraka sana.

Kamari si kitu kigeni kwetu, tuelewane. Neno lenyewe lilitoka Uarabuni likapitia Pwani kabla hata reli haijafika. Kila stage kubwa imewahi kuwa na mtu wa pata potea: karata tatu juu ya boksi, moja ndiyo yenye pesa, mikono inakimbia, na wateja wawili wanaoshinda mbele yako ni watu wake. Tumekuwa pia na tiketi za Charity Sweepstake, na baadaye mashine za bonanza kwenye vibanda, zile za kumeza sarafu za shilingi ishirini, ambazo serikali ilizichoma hadharani. Ila katika pata potea kulikuwa na uso. Unamwona anayekuibia. Ukiwa na jicho kali unaweza kuona kidole kinapokunja pembe ya karata. Wengi hawakuona, lakini kitu cha kuonekana kilikuwepo.

Huu ndio mvuto wa Kaiji ninaotaka kuusema, na haupo kwenye ushindi. Kila mchezo anaouchezea umeibiwa tangu mwanzo. Dadu za Ohtsuki zina nne, tano na sita peke yake. Mashine ya pachinko wanayoiita Kinamasi ina sahani zinazoinamishwa ili vigololi visifike. Lakini mwizi ni mtu, ana mwili, ana mazoea, na wizi wake una mshono. Kaiji anaukaa mshono huo mpaka auone. Ile mashine ya pachinko anaishinda kwa kuinamisha jengo zima, kwa kujaza maji kwenye matangi ya ghorofa za juu. Ni upuuzi mtupu na niliusoma nikiwa nimesimama. Kwa mtu aliyezoea karatasi ya DR, ambayo huwezi kuigombana kwa sababu haina mdomo, kuona tu kwamba udanganyifu unaweza kuelezewa, hatua kwa hatua, kwa michoro, ni faraja ambayo sijaipata kwenye kitabu kingine chochote.

Kuna mchezo wake mmoja uitwao E-Card. Kadi ni za aina tatu: mfalme, raia na mtumwa. Mfalme anamshinda raia, raia anamshinda mtumwa. Na mtumwa anamshinda mfalme, kwa sababu hana cha kupoteza. Vijana wa stage wanaipenda sheria hiyo kuliko kitu chochote. Mmoja wao ameiandika nyuma ya pikipiki: MTUMWA HUSHINDA MFALME. Abiria wanafikiri ni mstari wa Biblia.

Nilimkumbusha kwamba kwenye mchezo huo wa Fukumoto upande wa mtumwa una kadi moja tu ya mtumwa kati ya tano, na zilizobaki ni raia wa kawaida. Mfalme ana nafasi nyingi zaidi ya kushinda, ndiyo maana mtumwa akishinda analipwa mara tano. "Buda," akanijibu, "hizo ni odds tu."

Hapo ndipo mimi na wenzangu wa Mayoni hutofautiana, na tunatofautiana kwa nguvu. Kwa sababu siku hizi mkeka wenyewe wa mechi 17 ni mambo ya wazee. Kilichopo ni Aviator, mchezo wa kampuni ya Georgia iitwayo Spribe, uliotoka mwaka ule ule wa 2019. Kindege kinapaa, namba inapanda, unatoa pesa kabla hakijapotea. Raundi inaweza kuisha kwa sekunde chache. Unaonekana kama Kaiji: kuna hofu, kuna muda, kuna kidole juu ya kitufe. Lakini hakuna Funai. Hakuna uso wa kusoma wala mshono wa kutafuta. Namba imeshachaguliwa kwa hesabu kabla kindege hakijaondoka, na kampuni inachukua asilimia yake bila haja ya kukudanganya. Na kwa sababu watu wanataka sana mshono uwepo, kuna wanaouuza: Telegram imejaa watu wa "predictor," na wale wa mechi za kupangwa, wakikuuzia tundu katika ukuta usio na tundu. Wateja wao wazuri ni wale walioamini, kama wasomaji wa Kaiji, kwamba kila mchezo wa wizi una siri.

Je, manga ndiyo iliyowafundisha? Nimeulizwa na mama mmoja wa kanisa letu na nilimjibu hapana bila kusita. Fukumoto ni mkali kuliko mhubiri. Baada ya kumshinda yule mtu wa E-Card, Kaiji angeweza kwenda nyumbani. Badala yake anampa changamoto bwana mkubwa mwenyewe, kwa bahati nasibu ya karatasi ndani ya boksi la tishu, na anapoteza pesa zote na vidole vinne. Wanaviunga tena hospitalini, na makovu yanabaki kwenye michoro kwa miaka iliyofuata. Anime ya kwanza inaishia karibu na hapo. Wale wa duka la movie wote wameiona. Hakuna anayeiandika nyuma ya pikipiki.

Hwang Dong-hyuk, aliyetengeneza Squid Game, amesema kwamba wazo lilimjia karibu 2008, akiwa amefilisika, akisoma Kaiji na Liar Game kwenye maduka ya kusomea katuni. Mkorea aliyesota akisoma Mjapani aliyesota. Squid Game ilipotoka 2021, Mayoni hatukuhitaji kuelezewa kwa nini watu wale walirudi kwenye mchezo baada ya kupiga kura na kuruhusiwa kwenda nyumbani. Nyumbani ndiko deni lilikokuwa.

Kuna jambo moja ambalo wenzangu hawajui, kwa sababu halijafika kwenye anime na wengi wao hawasomi manga yenyewe. Kaiji ameshinda. Katika sehemu iliyoanza kuchapishwa 2017, ana yen bilioni 2.4 na wenzake wawili, na hakuna mchezo tena. Sura baada ya sura wanakimbia. Wanatafuta pa kuficha mabegi, pa kulala, gari la kusafiria, huku watu wa Teiai wakiwafuata. Wasomaji wa Japani wamelalamika kwamba inaboa. Kwangu mimi ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Nilipomweleza yule kijana wa pikipiki, aliuliza kitu kimoja tu: yule aliyemdhamini mwanzoni, pesa yake alimrudishia?

Furuhata, ndilo jina lake. Alikuwa ndani ya meli ile ile. Kaiji alimkuta, akamsamehe, wakaungana kununua kadi za jiwe. Mwisho wa usiku, Furuhata akamtupa.

"Ningejua," akasema, akawasha pikipiki. Alikuwa na abiria wa kwenda Mumias.